Kisomaji cha Sukari Kikigoma Kuwaka: Mwongozo Kamili wa Kukichaji na Kutafuta Hitilafu

Lalamiko linalonifikia mara nyingi kuliko mengine yote kuhusu visomaji vya sukari ni hili: "Nimekichaji usiku kucha, asubuhi hakiwaki." Anayesema hivyo huwa ameshakata tamaa na yuko tayari kutafuta kingine. Nikimuuliza alitumia waya gani, mara nyingi hujibu kwamba ni wa simu, kwa kuwa ule uliokuja na kisomaji ulipotea zamani. Nikimuuliza kama amewahi kulimulika tochi tundu la kuchajia, hunyamaza.

Nalihangaikia jambo hili kwa sababu kisomaji kikizima, mtu anayetumia insulini anaweza kulala na kuamka bila kujua sukari yake imefika wapi. Kwa hiyo nimepanga hatua hizi kwa utaratibu ambao kwanza unamlinda mgonjwa, kisha unakilinda kifaa, na mwisho unatafuta kosa lilipo.

Kisomaji ninachokizungumzia ni kile kifaa kidogo cha mkononi chenye kioo, ambacho hupokea vipimo kutoka kwenye kihisi kilichobandikwa mwilini. Mifano mingi nimeitoa kwenye visomaji vya chapa ya FreeStyle Libre, na michache kwenye vya chapa ya Dexcom. Pale ambapo kijitabu cha kifaa chako kinasema tofauti na mimi, fuata kijitabu.

## Kwanza, hakikisha una njia nyingine ya kupima

Usianze kushughulika na waya kabla hujaweka mezani glukomita ya kawaida, ile ya kuchoma kidole, pamoja na stripu ambazo hazijapitwa na muda. Watu wengi husahau kwamba tundu la stripu lililomo ndani ya kisomaji chenyewe, kama lilivyo kwenye FreeStyle Libre, halina msaada wowote kisomaji kikiwa kimezima. Glukomita ya akiba inapaswa kuwa kifaa kingine kabisa, chenye betri yake.

Kihisi kilichopo mwilini hakizimi kwa sababu kisomaji kimezima. Kinaendelea kupima na kuhifadhi, ila kumbukumbu yake ina kikomo. Kihisi cha FreeStyle Libre na cha Libre 2 huhifadhi vipimo vya hadi saa 8, na vilivyozidi hapo hufutwa kadiri vipya vinavyoingia. Cha Libre 3 huhifadhi vya hadi siku 14. Kwa Dexcom, G6 huweza kurudisha vipimo vya hadi saa 3 zilizopita, na G7 vya hadi saa 24. Kujua kikomo cha kifaa chako kunakuambia una muda gani wa kukishughulikia kabla grafu haijapata pengo lisilozibika.

Tahadhari: Ukiona dalili za sukari kushuka, kama vile jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa, acha kila kitu na upime kwa kidole. Kipimo kilicho chini ya 70 mg/dL, yaani 3.9 mmol/L, ni cha kushughulikiwa mara moja: kula au kunywa kitu chenye gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, kisha pima tena baada ya dakika 15. Kama huna cha kupimia, jitibu kana kwamba imeshuka. Ikiwa mgonjwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, usimtilie kitu mdomoni. Tafuta msaada wa dharura papo hapo.

## Vitu utakavyohitaji

- Waya wa USB uliokuja na kisomaji. Wa FreeStyle Libre ni wa rangi ya manjano.
- Adapta, yaani kichwa cha chaja, kilichokuja pamoja nao.
- Soketi ya ukutani unayojua inafanya kazi.
- Tochi, hata ya simu.
- Kijiti cha meno cha mbao au cha plastiki. Sindano, pini na waya wa chuma havitakiwi hapa.
- Kitambaa laini, kikavu.
- Kifaa kingine kidogo kinachochajiwa kwa waya wa aina ileile, kwa ajili ya majaribio ya hatua ya 7.
- Karatasi na kalamu.

Karatasi na kalamu si mapambo. Ukifika hatua ya kupiga simu kwa mtengenezaji, utaulizwa ulifanya nini, saa ngapi, na kioo kilionyesha nini, na asiyeandika hujikuta akibahatisha.

## Hatua ya 1: Kagua umbo la kisomaji kabla ya kukipa umeme

Kilaze kisomaji kifudifudi juu ya meza iliyonyooka, kisha kigeuze kilale chali. Kila upande, kibonyeze taratibu kwa kidole kimoja kwenye kona. Kisomaji kizima hutulia. Kikiyumba kama sahani yenye kitako kilichobonyea, na hakikuwa hivyo zamani, huenda betri imevimba na kuusukuma mfuniko. Pitisha ukucha kwenye mshono unaozunguka mwili wake wote. Ukiona upande mmoja mshono umefunguka kiasi cha ukucha kuingia, au kioo kimeinuka kidogo pembeni, hiyo nayo ni dalili.

Sababu: Visomaji hivi hutumia betri ya lithiamu. Betri ya aina hii ikiharibika hutoa gesi ndani yake, nayo hiyo gesi ndiyo inayoivimbisha. Ukiipa umeme katika hali hiyo inaweza kupata moto na hata kuwaka.

Tahadhari: Kilichovimba, kinachonuka kama dawa kali, au chenye alama ya kuungua karibu na tundu, usikichaji hata kwa dakika moja "kujaribu tu". Kiweke juu ya kitu kisichoshika moto, mbali na matandiko na karatasi, usikitoboe wala kukifungua, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Umefaulu ikiwa: kimetulia mezani, mshono umefunga pande zote, na hakina joto wala harufu.

## Hatua ya 2: Kiache kikauke na kifikie joto la chumba

Kisomaji kilichotoka kwenye gari lililoanikwa juani, au kwenye baridi kali, kisichajiwe papo hapo. Kiweke kivulini kwa nusu saa. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi hupata madhara ya kudumu ndani yake, na ikichajiwa ikiwa na joto kubwa huchakaa haraka. Visomaji vingi pia vina ulinzi unaokataa kupokea chaji joto linapopita kiwango, kwa hiyo "kugoma" kwake kunaweza kuwa ni kujilinda.

Ikiwa kiliingiwa na maji, hata ya jasho la mfukoni, kifute, kisimamishe tundu likitazama chini, na ukiache kwenye chumba chenye hewa kwa siku nzima. Usikipulizie mashine ya kukaushia nywele. Joto lake huusukuma unyevu ndani zaidi.

## Hatua ya 3: Mulika na safisha tundu la kuchajia

Hapa ndipo ninapoomba utulivu wa msomaji, maana hatua hii hurukwa kuliko zote.

Zima kisomaji kama bado kinawaka. Kishike tundu likikutazama, umulike kwa tochi kutoka pembeni, siyo kutoka mbele, ili kivuli kikuonyeshe kina chake. Kwenye tundu la aina ya maikro-USB utaona kaulimi chembamba katikati, kembamba kuliko kiberiti, na juu yake vistari vidogo vya chuma vinavyong'aa. Nyuma kabisa ya tundu, pale ukutani, panatakiwa pawe wazi. Kisomaji kinachokaa mfukoni au ndani ya mkoba mara nyingi huwa na kitu kama kijiwe cha kijivu hapo nyuma, na ukikigusa unagundua ni nyuzi za nguo zilizoshindiliwa kidogo kidogo kila mara waya ulipoingizwa, mpaka zikawa ngumu kama karatasi iliyokunjwa. Kazi yake ni kuuzuia waya usifike mwisho, hata kama wewe unauona umeingia.

Tumia kijiti cha meno kikavu. Kiingize kando ya kaulimi, siyo juu yake, kisha kokota kuelekea nje, polepole, bila kuchokonoa kwa nguvu. Geuza kisomaji, gonga kidogo kwenye kiganja ili taka ianguke, halafu mulika tena. Rudia mpaka uone ukuta wa nyuma.

Tahadhari: Chuma kinaweza kugusisha vistari viwili kwa pamoja na kuunguza sakiti, au kuvunja kaulimi. Usitie pombe, maji wala mafuta ndani ya tundu. Na usichanganye tundu la kuchajia na lile la stripu. La stripu halichokonolewi kamwe.

Umefaulu ikiwa: waya unaingia mpaka mwisho, unashika, na hautikisiki kushoto na kulia unapouachia.

Ukikuta kaulimi kimepinda au kimekatika, kuchaji hakutawezekana, na fundi wa simu hapaswi kukifungua kisomaji hiki ili kukichomea kingine. Hiki ni kifaa cha tiba. Kikishafunguliwa, huna tena uhakika wa kinachokisoma wala udhamini wa mtengenezaji.

## Hatua ya 4: Rudia waya na adapta za asili

Najua jinsi ilivyo rahisi kuchukua chaja yoyote iliyo karibu kwa kuwa kichwa chake kinaingia. Kuingia hakumaanishi kufaa. Adapta ya kisomaji cha FreeStyle Libre hutoa volti 5 na mkondo mdogo kuliko wa chaja nyingi za simu za siku hizi, na betri yake imepimiwa hivyo.

Mwaka 2023, kampuni ya Abbott pamoja na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, zilitoa tahadhari kuhusu visomaji vya FreeStyle Libre, Libre 14 day na Libre 2, baada ya taarifa za betri kuvimba, kupata joto kupita kiasi, na katika matukio machache kushika moto. Watumiaji hawakutakiwa kurudisha visomaji vyao. Walichotakiwa ni kuvichaji kwa waya wa manjano na adapta zilizokuja navyo tu, na kuvitunza kama kijitabu kinavyoelekeza. Nimeitaja habari hii kwa makusudi, kwa sababu wengi hudhani sharti la "tumia waya wake" ni mbinu ya kibiashara.

Kagua waya wenyewe kwa vidole. Upitishe wote kati ya kidole gumba na cha shahada, ukisimama zaidi kwenye sentimita 2 za mwisho karibu na kila kichwa. Waya uliokatika ndani huwa mlegevu mahali pamoja, kama shingo isiyo na mfupa. Ganda lililopasuka, rangi iliyobadilika kuwa ya kahawia, au kichwa kilichopanuka vyote vinatosha kuustaafisha waya.

Kama vya asili vimepotea, waombe watengenezaji au aliyekupa kifaa wakupe vingine vya aina ileile.

## Hatua ya 5: Unganisha kwa mpangilio

Chagua mahali pagumu na wazi, kama meza, ambapo adapta inafikika na kuchomolewa kwa urahisi. Kitanda, sofa na chini ya mto si mahali pa kuchajia, kwa kuwa joto halina pa kutokea na moto ukitokea una cha kushika.

1. Chomeka waya kwenye adapta.
2. Chomeka adapta kwenye soketi ya ukutani na uwashe swichi yake kama ipo.
3. Tazama umbo la kichwa cha waya na la tundu. Maikro-USB ina upande mpana na upande mwembamba. Vilinganishe kwa macho kabla ya kusukuma.
4. Ingiza kichwa kikiwa kimenyooka, bila kukipindisha juu au chini, mpaka kishike.

Mpangilio huu unasaidia katika utafutaji wa kosa. Ukianzia ukutani na kumalizia kwenye kisomaji, kitu cha mwisho kuunganishwa ndicho unachokitazama, kwa hiyo hutakosa kuona kioo kikiwaka kwa sekunde chache.

Usianze na tundu la USB la kompyuta wala la gari. Kompyuta iliyolala inaweza kukata umeme wa matundu yake bila kukuarifu, nawe ukaamka na kisomaji kilekile kilichokufa.

Umefaulu ikiwa: alama ya betri au ya kuchaji inatokea kwenye kioo. Ikitokea, ruka hadi mwisho wa hatua ya 6.

## Hatua ya 6: Subiri bila kukigusa

Kioo kikibaki cheusi, usichomoe. Angalia saa, iandike, kisha ondoka kwa dakika 30.

Betri ya lithiamu iliyoisha kabisa na kukaa siku kadhaa hushuka chini ya kiwango ambacho sakiti ya ulinzi inakiruhusu. Sakiti hiyo huanza kwa kuipa umeme kidogo sana, kama mtu anayempa mgonjwa maji kwa kijiko, na wakati huo hakuna nguvu ya kutosha kuwasha kioo. Anayechomoa baada ya dakika 5, akachomeka tena, akabonyeza kitufe, akachomoa, huirudisha kazi mwanzo kila mara. Nimewahi kukaa na kisomaji cha mama yangu mzazi kilichokuwa kimesahauliwa kabatini. Kwa zaidi ya dakika 20 hakikuonyesha hata nukta moja, mpaka alama ya betri tupu ilipojitokeza yenyewe.

Baada ya nusu saa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja. Kikiwaka, kiache kiendelee. FreeStyle Libre huhitaji angalau saa 3 ili kujaa. Ni kawaida kupata uvuguvugu kidogo. Kikiwa cha moto kiasi kwamba huwezi kukikumbatia kwa kiganja, chomoa ukutani kwanza, siyo kwenye kisomaji, kisha ukiache kipoe mahali salama na usikichaji tena.

Umefaulu ikiwa: alama ya betri imejaa, na ukichomoa waya kisomaji kinabaki kinawaka.

## Hatua ya 7: Kama bado hakiwaki, jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja

Kosa kubwa hapa ni kubadilisha soketi, adapta na waya vyote kwa pamoja. Kikiwaka hujui kilichokuwa kibovu, na kibovu hicho utakitumia tena kesho.

Kanuni yangu ni kupeleka waya na adapta za kisomaji kwenye kifaa kingine, kamwe nisilete chaja ya kigeni kwenye kisomaji. Chaja yenye umeme mdogo ukiipeleka kwenye simu ya zamani yenye tundu la aina hiyo, simu itachaji polepole tu. Ukifanya kinyume chake, unaijaribu betri ya kifaa cha tiba kwa umeme usioujua.

Anza na soketi. Chomeka taa au kitu kingine hapohapo. Ikiwaka, soketi ni nzima. Kisha tumia waya na adapta za kisomaji kuchaji kile kifaa kingine. Kikichaji, vyote viwili ni vizima, na tatizo limebaki kwenye tundu au ndani ya kisomaji. Rudi hatua ya 3 mara moja zaidi, kisha nenda sehemu ya mwisho. Kisipochaji, weka adapta ileile na ubadilishe waya peke yake kwenye hicho kifaa kingine. Kikianza kuchaji, waya wa kisomaji ndio mbovu. Kisipoanza, adapta ndiyo yenye lawama.

Kuna hali moja ya katikati: kisomaji huchaji tu ukiushika waya kwa pembe fulani. Usikubali kuishi na hali hiyo kwa kufunga mpira au kuegemeza kitabu. Mguso unaokatika na kurudi hutoa cheche ndogo na joto palepale kwenye tundu.

## Hatua ya 8: Kikiwaka, kikague kabla ya kukiamini

Betri ikishaisha kabisa, saa ya ndani inaweza kupotea. Linganisha tarehe na saa na za simu yako, na uzirekebishe. Jambo hili linaonekana dogo, lakini daktari husoma vipimo kwa saa: sukari ya juu saa 2 asubuhi na ya juu saa 8 usiku hudai maamuzi tofauti ya insulini.

Kisha tazama kipimo kinatumia mg/dL au mmol/L. 1 mmol/L ni sawa na 18 mg/dL, kwa hiyo 10 kwenye kifaa kimoja ni 180 kwenye kingine, na kuchanganya vizio ni hatari ya kweli.

Mwisho, jaribu sauti. Nenda kwenye mipangilio ya kengele, uiweke juu, na uhakikishe unaisikia kutoka chumba unacholala. Spika ikifa, hakuna kitu kingine kwenye kisomaji kitakachokuambia kwamba imekufa. Vipokezi vya Dexcom, yaani visomaji vyake, viliwahi kutolewa tahadhari rasmi mwaka 2016 na tena mwaka 2025 kwa sababu ya kengele ambazo huenda zisisikike, kwa hiyo naona kupima sauti kila baada ya kuchaji ni desturi inayostahili sekunde zake 10.

## Hatua ya 9: Kisomeshe kihisi

Kwa FreeStyle Libre, sogeza kisomaji ndani ya sentimita 4 za kihisi. Kinasoma kupitia nguo. Usisugue wala kubandua. Tulia hadi usikie mlio au uone kipimo. Kama mlikuwa mbalimbali kwa muda usiozidi saa 8, grafu itajijaza yenyewe. Ukizidi, utaona pengo, na pengo hilo halimaanishi kwamba kihisi kimekufa.

Kwa mifumo inayotuma vipimo yenyewe kwa Bluetooth, kaa karibu na kisomaji kwa dakika kadhaa. Umbali wake ni takribani mita 6 kwa Libre 2 na Dexcom G6, pasipo ukuta wala mwili katikati. Mtu anayelalia mkono wenye kihisi wakati kisomaji kiko upande wa pili huweza kukata mawasiliano kwa mwili wake mwenyewe.

Umefaulu ikiwa: kipimo kimetokea pamoja na mshale wa mwelekeo, saa iliyo juu ya kioo ni sahihi, na kipimo cha kidole hakipingani nacho kwa kiasi kikubwa. Usitarajie vilingane kabisa, kwani kihisi hupima majimaji yaliyo kati ya seli, ambayo huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, hasa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi.

## Hitilafu zinazodhaniwa kuwa za chaji

Chaji haikai. Kisomaji cha kwanza cha FreeStyle Libre hudumu hadi siku 7 kwa matumizi ya kawaida, na cha Libre 2 hadi siku 4. Chako kikiisha kwa siku moja, kwanza punguza mwanga wa kioo na uangalie kama kitufe kinabonyezwa na vitu vingine ndani ya mkoba. Tatizo likibaki, betri imechoka.

Kompyuta haikioni ingawa kinachaji. Waya unaotumia huenda ni wa kuchajia tu, usio na nyuzi za kupitisha taarifa. Rudia wa asili.

Kioo kinawaka lakini hakiitikii kidole. Chomoa chaja, futa kioo na vidole vyako kwa kitambaa kikavu, kisha zima na uwashe kwa kufuata kijitabu. Usikimbilie kufuta mipangilio yote, kwa sababu unaweza kukipoteza kihisi ambacho bado kina siku nyingi.

Ujumbe kwamba kihisi kina joto au baridi kupita kiasi, au kwamba kipimo hakipatikani kwa sasa. Hili ni la kihisi. Hama mahali penye joto la wastani, subiri kama dakika 10, usome tena, na hapo katikati pima kwa kidole.

Herufi LO au HI. Kisomaji hakina kosa. Kinakuambia sukari imetoka nje ya kiwango ambacho kinaweza kukiandika kwa tarakimu. Pima kwa kidole sasa hivi na ufuate maelekezo uliyopewa na mtaalamu wako.

## Wakati wa kuacha kujaribu na kuomba kingine

Acha ikiwa betri imevimba, tundu limevunjika, kisomaji kimepata moto, au hatua ya 7 imethibitisha kwamba waya na adapta ni nzima na bado kioo ni cheusi baada ya saa 3. Piga simu ya huduma iliyoandikwa kwenye kijitabu au nyuma ya kifaa, ukiwa na namba ya mfululizo ya bidhaa (serial number) iliyopo kwenye kibandiko, tarehe ulipokipata, na ile karatasi yako. Waeleze kwa ufupi hatua ulizopita na matokeo ya kila moja. Kisomaji kibovu chenye betri ya lithiamu hakitupwi kwenye taka za nyumbani. Uliza huduma hiyohiyo kinarudishwa wapi.

Kabla hujakata simu, uliza kuhusu kihisi ulichonacho mwilini. Kihisi cha FreeStyle Libre kilichoanzishwa na kisomaji kimoja hakisomwi na kisomaji kingine, kwa hiyo kisomaji kipya kitakuambia kwamba kihisi hicho tayari kinatumika kwingine. Utahitaji kihisi kipya siku hiyohiyo, na kisomaji kipya nacho kinachajiwa mpaka kijae kabla ya kukianzisha. Kihisi kipya cha Libre huchukua dakika 60 kuanza kutoa vipimo katika mifano iliyoenea zaidi. Panga saa hiyo iangukie mchana, glukomita ikiwa karibu, na upime kwa kidole mwanzoni na mwishoni mwake.